Kwani Hawakujua Kwamba Urusi Kuna Baridi?

Swali hili huibuka karibu kila mara Vita vya Pili vya Dunia vinapotajwa, iwe darasani, kijiweni au baada ya filamu. Ujerumani ilikuwa na wahandisi hodari, watabiri wa hali ya hewa na ramani za kila namna. Majenerali wake walikuwa wamesoma habari za Napoleon tangu ujana. Iweje basi Desemba 1941 askari wao wawe nje ya Moscow, katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na siku nyingine kali kuliko hiyo, wamevaa makoti ambayo yangewatosha kwa jioni ya Oktoba mjini Berlin?

Walijua. Asiyejua baridi akifa kwa baridi, tunasema amepatwa na ajali. Jeshi lililoijua, likaiandika kwenye makaratasi yake, kisha likaacha kushona makoti ya kutosha, linahitaji maelezo mengine.

Napoleon naye alijua. Armand de Caulaincourt, aliyewahi kuwa balozi wake nchini Urusi, alimwonya mapema. Mwaka 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, Caulaincourt ndiye aliyesimamia farasi wa nyumba ya mfalme, na akahakikisha wamepigiliwa viatu vyenye meno ya kukamata barafu. Farasi wengine wa jeshi hawakupata viatu hivyo. Walipoanza kuteleza na kuanguka wakati wa kurudi, mizinga na magari ya chakula yaliachwa njiani pamoja nao. Tofauti ya kuwa na mnyama wa kuvuta mzigo na kutokuwa naye ilikuwa vipande vichache vya chuma vilivyogongwa mapema na mtu mmoja aliyeamua kutosubiri amri.

Vipi kuhusu kile kisa cha vifungo vya bati vilivyosagika kuwa unga kwa baridi, hata askari wa Napoleon wakawa wanashikilia suruali kwa mikono? Kinapendeza kusimulia, ila ushahidi wake ni hafifu. Zaidi ya nusu ya jeshi lile ilikuwa imekwisha kwa maradhi, njaa, uchovu, mapigano na utoro kabla theluji haijaanguka. Majenerali walioshindwa hupenda kuisingizia baridi kwa sababu baridi haijibu.

Joto linavyomtoroka mtu

Kabla ya kuwahukumu makamanda, tuuangalie mwili. Nguo haina joto lake yenyewe. Sweta iliyoachwa juu ya meza ina baridi ileile ya meza. Joto lote linatoka kwa aliyeivaa, na kazi ya nguo ni kuizuia hewa iliyokwisha kupashwa na ngozi isiondoke. Hewa iliyotulia ndiyo kinga, na kitambaa ni kizuizi cha kuituliza tu.

Mwendesha bodaboda wa Njombe au Limuru anayetoka saa kumi na moja alfajiri analielewa jambo hili bila kufundishwa. Havai koti moja zito likamtosha. Huvaa fulana, juu yake sweta, kisha koti la mtumba lisilopitisha upepo, na wengine huchomeka kipande cha boksi au gazeti kifuani. Kila tabaka linanasa hewa yake, na la nje linazuia upepo usiipeperushe. Askari wa Kijerumani nje ya Moscow waliishia kujaza magazeti ndani ya mashati na buti zao kwa sababu hiyohiyo. Jeshi lenye vifaru na ndege za kisasa lilikuwa limerudi kwenye kinga ya karatasi.

Adui mwingine ni maji, na hapa ndipo wengi hushangaa. Katika baridi kali, maji yanayomwangamiza askari mara nyingi hayatoki mbinguni wala mtoni. Ni jasho lake. Askari hakai mahali pamoja kama mlinzi wa geti. Anabeba mzigo, anachimba ardhi ngumu, anakimbia, anatota. Baada ya hapo anaamriwa alale kifudifudi kwenye theluji kwa saa nne bila kutikisika. Nguo iliyolowa hupoteza hewa yake, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa mno kuliko hewa kavu. Pamba ikilowa haina msaada. Sufu ina nafuu, kwa kuwa hubaki na kinga kiasi hata ikiwa na unyevu. Ndiyo sababu majeshi ya nchi za theluji humfundisha kuruta kuvua tabaka moja kabla ya kuanza kazi nzito, hata kama anatetemeka wakati huo.

Madhara ya baridi yapo ya aina tatu:

- Kupoa kwa mwili. Joto la ndani, ambalo kwa kawaida ni kama nyuzi 37, linashuka chini ya 35. Mtu hutetemeka, huongea ovyo, hufanya maamuzi ya ajabu, halafu husinzia. Hatari yake kubwa ni kwamba akili inapungua kabla mgonjwa hajatambua kuwa anaumwa.
- Kuganda kwa viungo. Nyama ya vidole, pua au masikio inageuka barafu. Sehemu huwa nyeupe na ngumu, maumivu hukoma, na kukoma huko si dalili njema. Wengi hukatwa vidole au miguu.
- Mguu wa handaki. Huu hauhitaji barafu kabisa. Miguu ikikaa siku kadhaa ndani ya buti lililolowa, hata kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, damu haipiti vizuri, ngozi inavimba na kuoza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulijaza hospitali za Waingereza huko Ufaransa, hadi maofisa wakapewa jukumu la kukagua miguu ya askari wao. Askari walipakwa mafuta ya nyangumi na kutakiwa kubadili soksi kila siku. Soksi kavu ilikuwa silaha.

Dawa nyingi zilizoaminika zilikuwa za hatari. Dominique-Jean Larrey, daktari mkuu wa upasuaji wa Napoleon, aliona kwamba askari waliosogeza viungo vilivyoganda karibu na moto mkali waliharibika zaidi. Hapo alikuwa sahihi. Lakini akashauri visuguliwe kwa theluji, na ushauri huo ukadumu zaidi ya miaka mia moja kabla haujathibitika kuwa unaongeza majeraha. Pombe nayo hudanganya. Kuanzia Septemba 1941 askari wa Kisovieti wa mstari wa mbele walipewa gramu 100 za vodka kwa siku. Vodka hutuma damu ya moto kuelekea kwenye ngozi, mnywaji anajisikia vizuri, na joto lake linaondoka. Kama kitulizo cha hofu ilikuwa na kazi yake. Kama blanketi ilikuwa hasara.

Buti lenye misumari na buti la sufu

Tuanzie chini, maana jeshi huanza kufa kutokea vidoleni.

Buti la askari wa Kijerumani lilikuwa zuri. Lilikuwa la ngozi, refu, limeshonwa vizuri, na soli yake ilipigiliwa misumari ya chuma ili isiishe haraka barabarani. Lilikuwa limeipeleka Ujerumani hadi Paris. Lakini chuma hupitisha joto upesi, kwa hiyo kila msumari ulikuwa mfereji mdogo wa kutolea joto la unyayo hadi kwenye barafu. Kibaya zaidi, buti lilimkaa askari sawasawa. Kwa gwaride hiyo ni sifa. Kwa theluji ni hukumu, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya soksi ya pili wala ya hewa, na mguu uliobanwa haupitishi damu vizuri.

Upande wa pili kulikuwa na buti ambalo Mjerumani angelicheka mwezi Juni. Warusi huliita valenki. Ni sufu ya kondoo iliyoloweshwa, ikashindiliwa na kukandamizwa hadi ikawa nene na ngumu, kisha ikafinyangwa kwa umbo la mguu. Halina mshono, halina msumari, na kwa macho ya mpenda mitindo halina uzuri wowote. Lina kasoro moja kubwa: likilowa limekwisha. Lakini kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri theluji ni kavu kama mchanga, hailowanishi. Valenki ni buti la baridi kali, si la matope, na wakulima wa Urusi walilijua hivyo kabla ya jeshi kulichukua.

Buti la ngozi la Mrusi nalo lilitolewa likiwa pana kuliko mguu. Ndani yake hakuvaa soksi, alifunga kitambaa cha mraba kilichozungushwa mguuni kwa ustadi maalumu. Kitambaa hicho hukaushwa upesi kuliko soksi, na kikilowa upande mmoja kinageuzwa, sehemu kavu ikakaa kwenye vidole. Jeshi la Urusi liliendelea nacho hadi mwaka 2013. Mwilini askari alivaa koti la pamba lililoshonwa kwa mistari, ndani limejazwa pamba nyepesi, na waliobahatika walipata koti fupi la ngozi ya kondoo yenye manyoya. Vyote vilikuwa rahisi kutengeneza, na kiwanda chochote cha nguo kingeweza kuvishona kwa maelfu.

Kwa ufupi: buti la majira ya baridi linapaswa kuwa pana, kavu na lisilo na chuma. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Koti lililokuwa na maana ya kisiasa

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama walijua, kwa nini hawakushona?

Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941, ikiwa na askari wapatao milioni tatu. Hesabu ya wakuu wake ilikuwa kwamba Jeshi Jekundu la Kisovieti litavunjwa ndani ya majuma machache, kabla ya majira ya baridi. Nguo za baridi zilikuwemo kwenye mpango, lakini kwa sehemu tu ya jeshi, ile ambayo ingebaki kulinda nchi iliyokwisha kutekwa. Wengine wangekuwa wamerudi nyumbani.

Jiweke kwenye kiti cha ofisa wa ugavi, yaani yule anayeshughulika na chakula, nguo, mafuta na risasi. Ni Julai. Redio inatangaza ushindi kila siku. Wewe unaomba makoti ya manyoya na buti za sufu kwa watu milioni tatu. Hilo si ombi la nguo tena. Unasema kwa maandishi kwamba huamini vita vitaisha kwa wakati uliotangazwa na mkuu wa nchi. Katika serikali ambayo shaka ni uhaini, koti linakuwa maneno mazito kuliko hotuba. Kwa maoni yangu hapa ndipo askari wale walipoanza kuganda, miezi kadhaa kabla ya theluji.

Oktoba ikaja na mvua, na barabara za Urusi zikawa tope la kumeza magurudumu. Novemba ardhi ikaganda, vifaru vikaweza kutembea tena, na wakuu wakaona heri kusukuma mbele kuelekea Moscow kuliko kusimama na kuwavisha watu. Hapo zile nguo chache zilizokuwepo zikakutana na kikwazo cha reli. Njia za reli za Kisovieti ni pana kuliko za Ujerumani, kwa hiyo ilibidi zibanwe upya kilomita kwa kilomita. Injini za treni za Kijerumani nazo zilikuwa na mabomba ya maji yaliyopita nje, yakawa yanaganda na kupasuka. Treni chache zilizopita zilipaswa kubeba mafuta, risasi au makoti, na makoti yakawa ya mwisho kwenye foleni. Shehena za nguo zikalala Poland huku wenyewe wakitetemeka mamia ya kilomita mbele.

Askari wakajihudumia. Walivua buti za maiti. Waliwavua wafungwa makoti yao, na wafungwa hao, waliokusanywa kwenye kambi zisizo na paa, walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Kufikia Februari 1942 wafungwa wa Kisovieti waliokufa walizidi milioni mbili. Askari hao wa Kijerumani pia waliwanyang'anya wanavijiji valenki na kuwafukuza nyumbani mwao ili walale wao. Wanavijiji walibanwa pande zote mbili, kwa maana tarehe 17 Novemba 1941 makao makuu ya Stalin yalitoa amri namba 0428, kwamba nyumba zilizo nyuma ya mstari wa Wajerumani zichomwe ili adui asipate pa kujisitiri. Vitabu vingi vya vita huishia kwenye vidole vya askari vilivyoganda. Bibi kizee aliyetolewa nje ya kibanda chake usiku wa Desemba hana nishani wala kumbukumbu.

Tarehe 5 na 6 Desemba Jeshi Jekundu likashambulia. Kabla ya majira hayo kwisha, Wajerumani zaidi ya laki moja walikuwa wamepatwa na kuganda kwa viungo.

Mwalimu wa Warusi alikuwa nani?

Usidhani Warusi walizaliwa wakijua kupigana kwenye theluji. Miaka miwili kabla, wao ndio waliokuwa wakifa barabarani.

Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Finland, nchi ndogo isiyokuwa na sare za kutosha hata kwa askari wake. Wafini wengi waliitwa vitani wakapewa bunduki, mkanda na beji ya kofia, wakaambiwa wavae nguo zao za nyumbani. Wenyewe kwa kejeli waliita sare hiyo "Mtindo wa Cajander", kwa jina la waziri mkuu wao wa wakati huo. Kejeli ilikuwa na bahati ndani yake. Nguo za nyumbani za mkata miti wa Finland ni sufu tabaka kwa tabaka, na buti lake ni la kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kusafiria juu ya theluji. Juu yake walivaa kanzu nyeupe, hata ukimtazama hatua chache humwoni.

Siri yao kubwa haikuwa nguo. Ilikuwa hema. Kikundi cha watu kama ishirini kilikuwa na hema lenye jiko la chuma katikati, na waliokuwa zamu walirudi humo kukausha soksi, kunywa kitu cha moto na kulala. Askari anaweza kustahimili baridi kali kwa saa kadhaa akijua kuna mahali pa kukauka. Bila mahali hapo, koti zuri linamchelewesha tu.

Divisheni ya 44 ya Kisovieti, maelfu ya watu walioletwa kutoka Ukraine, ilinaswa kwenye barabara nyembamba ya Raate, karibu na Suomussalmi, mwanzoni mwa Januari 1940. Sare zao za kaki zilionekana kwenye theluji kutoka mbali. Wafini waliukata msafara vipande vipande, na kati ya shabaha walizopenda ni majiko ya kupikia. Asiyekula cha moto hazalishi joto, na asiyezalisha joto hata koti halina cha kulinda.

Vita hivyo vilidumu siku 105. Moscow ilipata sehemu ya ardhi iliyoitaka na fedheha ambayo haikuitaka. Ikajifunza. Mwaka 1940 kofia ya kitambaa yenye ncha, iliyokuwa fahari ya mapinduzi, ilianza kuondolewa, ikaletwa ile kofia ya manyoya yenye vifuniko vya masikio ambayo leo watalii huinunua kama ukumbusho. Mavazi meupe na skii vikaongezwa. Wafini walikuwa wamewapa Warusi somo ambalo Wajerumani walikuja kulilipia.

Kuvaa kupita kiasi

Miaka kumi baadaye, Novemba 1950, katika Vita vya Korea, kwenye bwawa la Chosin huko Korea Kaskazini, askari wa Marekani walikuwa na tatizo la kinyume. Walivaa buti za mpira chini na ngozi juu, zisizoingiza maji. Wala hazikutoa. Wakipanda mlima miguu ilitoka jasho, wakisimama jasho likaganda ndani ya soksi. Wahudumu wa afya waliweka vichupa vya dawa ya maumivu mdomoni ili visigande. Chakula cha kopo kiliwatia ugonjwa wa tumbo kwa kuwa kililiwa kikiwa barafu, na wengi waliponea kwenye peremende zilizoyeyuka mdomoni. Wachina waliowazingira waliletwa kwa haraka kutoka maeneo ya joto ya mashariki ya nchi yao, wakiwa na viatu vya turubai. Wao waliganda kwa maelfu, wengine wakiwa bado wamelala kwenye nafasi zao za kuvizia. Baada ya hapo Marekani ilitengeneza buti lenye hewa iliyofungiwa kati ya kuta mbili za mpira, kinga ileile ya bodaboda wetu kwa bei kubwa zaidi.

Makoti ya watu wengine

Turudi kwa Wajerumani. Berlin ilikiri Desemba 1941 kwamba nguo hazikutosha. Kwa masimulizi ya Jenerali Heinz Guderian mwenyewe, ambaye ni mtu wa kujisafisha kidogo katika kumbukumbu zake, tarehe 20 Desemba alimwambia Hitler ana kwa ana kuwa nguo hazijafika. Hitler akakataa hadi mkuu wa ugavi alipoitwa akakubali kwamba ni kweli. Siku chache baadaye Guderian akaondolewa kazini. Jioni ileile ya tarehe 20, waziri wa propaganda Joseph Goebbels aliingia redioni kuwaomba wananchi watoe sweta, makoti ya manyoya, glavu na skii. Wanawake wakatoa makoti yao ya manyoya. Kwenye geto la Warsaw, ambako Wayahudi walikuwa wamefungiwa, hakukuwa na ombi. Walitakiwa kusalimisha kila kipande cha manyoya, na adhabu ya kuficha ilikuwa kifo.

Mei 1942 walionusurika majira hayo ya baridi walitungiwa nishani. Askari wenyewe waliibandika jina la Nishani ya Nyama ya Barafu.

Mwaka huohuo viwanda vya Ujerumani vilianza kutoa sare nzuri kweli: suti nene iliyojazwa, nyeupe upande mmoja na ya rangi ya kijeshi upande wa pili, pana vya kutosha kuvaliwa juu ya nguo zote. Kwa ubora ilikuwa miongoni mwa bora za vita vile. Lakini Novemba 1942 Jeshi la Sita la Ujerumani lilizingirwa Stalingrad, na sehemu kubwa ya nguo zake za baridi ilikuwa bado kwenye maghala nje ya mzingo huo. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ndege. Walioko ndani walihitaji angalau tani 300 kwa siku, na wastani wa zilizofika ulikuwa zaidi kidogo ya tani 100. Kila rubani alipopakia, koti moja nene lilichukua nafasi ya mikate kadhaa, na mikate ilichukua nafasi ya risasi. Waliotoka hai na kujisalimisha mapema Februari 1943 walikuwa kama elfu 91, wengi wao miguu imefungwa matambara.